Wote wanakisifu kifaa changu, lakini hakuna anayekinunua

Swali la msomaji: "Habari, mtaalamu. Naishi Busia, upande wa Uganda. Nimesomea umeme, na kwa miezi 14 nimekuwa nikitengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mahindi. Unakichomeka kwenye gunia, kinatuma kipimo kwenye simu, na programu inahifadhi kumbukumbu za kila gunia na kuchora grafu. Nimetumia karibu shilingi milioni 9, nusu yake mkopo wa SACCO. Nimekionyesha kwa wakulima na wafanyabiashara zaidi ya 40. Wote wanasema ni kizuri, kijana umefanya kazi. Bei ni shilingi 180,000. Nimeuza viwili, kimoja kwa mjomba wangu. Nawaeleza kwamba kitawakinga na sumukuvu (aflatoksini, sumu ya kuvu kwenye nafaka) lakini hawaelewi. Je, niongeze akili bandia ili kitabiri lini mahindi yataharibika? Nipunguze bei? Au watu wetu bado hawajawa tayari kwa teknolojia?"

Ndugu yangu, pole kwa uzito wa mkopo, na hongera kwa kazi. Kukaa Busia bila maabara ukatengeneza kitu kinachosoma unyevu na kutuma jibu kwenye simu si jambo dogo. Umeniuliza mambo matatu, lakini nasikia la nne chini yake ambalo hukuliandika: je, miezi 14 imepotea? Nitalifikia. Kwanza nina ombi. Mwezi huu usikiongezee kifaa chako kitu chochote, hata taa moja. Kazi iliyobaki haipo mezani kwako kwenye nyaya. Ipo kwenye maghala.

Nianze na lile la watu wetu kutokuwa tayari, kwa sababu ukiliamini litakuzuia kusikia mengine yote. Kabla ya MTN kuanzisha Mobile Money hapa Uganda mwezi Machi 2009, watu walikuwa tayari wanatumiana pesa kwa simu. Mtu yuko Kampala, mama yake yuko kijijini. Ananunua vocha ya muda wa maongezi, lakini haiingizi kwenye simu yake. Anampigia mwenye kibanda cha simu kule kijijini, anamsomea tarakimu za vocha, mwenye kibanda anaiingiza kwenye simu yake, anakata kamisheni yake kidogo, kisha anampa mama pesa taslimu. Hakuna kampuni iliyowafundisha. Walikuwa na haja, na haja ikawafundisha. Mobile Money ilipofika haikuhitaji kumshawishi mtu kwamba kutuma pesa nyumbani ni muhimu. Iliwapunguzia safari waliyokuwa wakiisafiri.

Kwa jirani zako wa Kenya mambo yalikuwa karibu hivyo. M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005 kama njia ya watu kulipa mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana wao kwa wao. Waliokuwa wakiiendesha wakaona, wakabadilisha mwelekeo, na mwaka 2007 ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Watu hawa ni wale wale unaosema hawako tayari. Wako tayari sana, ila kwa kitu kinachogusa mahali panapouma.

Sasa tuziangalie sifa ulizopata. Kijana akileta kazi ya mikono yake mbele ya mzee, katika jamii zetu mzee hawezi kumwambia haina faida. Atamsifu. Huo ni utu na malezi, wala hakukudanganya. Lakini ukaichukua adabu yake ukaihesabu kama soko. Uliwauliza, nadhani, "Unakionaje?" Swali la namna hiyo lina jibu moja tu la heshima. Ndiyo ya kweli humgharimu anayeitoa: anaweka pesa, au anakuahidi siku na anatokea, au anamwita mwenzake na kukutambulisha kwa jina lake. Kwa kipimo hicho, katika watu 40 una ndiyo moja, maana ya mjomba sitaihesabu. Huyo mmoja ambaye si ndugu yako ni mtu wa thamani kuliko wote 39. Kwa nini alinunua? Umerudi kwake kuona anakitumiaje? Hukuniandikia neno juu yake, na yeye ndiye ningetaka kumsikia kwanza.

Tuje kwenye kiini. Unasema wakulima hawaelewi. Mimi naamini wanaelewa kuliko unavyodhani, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Chukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, kama yale yanayoletwa sokoni mvua za msimu wa kwanza zikiwa hazijakata vizuri. Ndani yake mna kilo 18 za maji na kilo 82 za mahindi yenyewe. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukiyakausha mpaka hapo, zile kilo 82 hazibadiliki, lakini sasa ni asilimia 86.5 ya uzito wote. Gawanya, utapata kilo 94.8. Zaidi ya kilo 5 zimepanda hewani. Tuseme kilo moja ni shilingi 1,000: mama mwenye magunia 20 amepoteza zaidi ya shilingi 100,000. Hapo hatujahesabu turubai, kuku wa kufukuzwa, watoto waliobaki nyumbani kuanua mvua ikitisha, na siku tatu nne za kungoja.

Sasa dalali anakuja na mizani. Anatoa bei gani kwa makavu, na gani kwa mabichi? Kama bei ni moja, basi yule mama akikausha anajikata mwenyewe. Na kifaa chako, ndugu yangu, kwake yeye ni chombo cha kutoa ushahidi dhidi ya mali yake. Akikichomeka na kikasema asilimia 18, nani anafaidika? Mnunuzi, aliyepata sababu ya kushusha bei. Umemtaka alipe shilingi 180,000 ili apate silaha ya kumpa mpinzani wake. Kukataa kwake kulikuwa ni hesabu sahihi kabisa, na alikukatalia kwa upole.

Dalali naye? Nenda ukasimame karibu naye asubuhi moja. Ataingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, ahisi kama ndani kuna joto. Atatoa mahindi ya katikati, maana ya juu yalikaushwa kwa ajili ya macho. Atachukua punje moja, aiweke kati ya meno ya pembeni, aing'ate. Ikikatika kwa mlio, inakwenda. Ikibonyea kama jibini, anatikisa kichwa. Kisha anamimina konzi moja kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, anasikiliza. Hayo yote yanamchukua muda mfupi kuliko kutoa simu mfukoni na kufungua programu yako. Tena dalali ananunua asubuhi na kuuza jioni. Unyevu ukileta hasara, hasara hiyo tayari imeshalala kwa mtu mwingine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Gunia la mahindi hupita mikono mingi, na katika mikono hiyo yote, swali lako linapaswa kuwa hili: nani hulala nalo? Mwenye ghala anayetunza tani kadhaa miezi mitatu akingoja bei ipande, huyo hulala nalo. Mwenye mashine ya kusaga, ambaye unga ukivunda jina lake ndilo liko kwenye mfuko. Shule ya bweni inayonunua mahindi ya posho ya muhula mzima kwa mkupuo mmoja. Na zaidi ya wote, yule anayepakia lori kuvuka mpaka. Wewe ni mtu wa Busia, unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: waingizaji wajiandikishe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu iko chini ya kiwango, yaani mikrogramu 10 kwa kilo. Waliokuwa na malori kwenye foleni ile walijifunza maana ya kipimo kwa njia ambayo hakuna maelezo yako yangeweza kuwafundisha.

Hapa lazima nikusahihishe jambo moja, na nakuomba ulichukue kwa uzito wote kwa sababu linagusa afya za watu. Usiseme tena kwamba kifaa chako kinakinga na sumukuvu. Unyevu na sumukuvu ni vitu viwili. Sumu hii hutengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, anayeweza kuyapata mahindi yakiwa bado shambani, hasa yakipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu. Unyevu mwingi ghalani humpa nafasi ya kuendelea kuzaliana. Kwa hiyo kukausha mapema kunasaidia sana kuzuia. Lakini sumu ikishaingia, kukausha hakuiondoi, na kupika ugali hakuiondoi. Gunia linaweza kusoma asilimia 12 kwenye simu yako na bado likawa na sumu ya kurudisha lori, au ya kumdhuru mtoto. Mnunuzi akikuamini kwa hilo akaumia, utakuwa umemuuzia usalama ambao huna. Sema tu kile kinachopimwa: unyevu.

Nakwambia haya kwa sababu nami nimewahi kuanza mwisho badala ya mwanzo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kundi lililotengeneza programu ya kurekodi maziwa kwa chama kimoja cha wafugaji huko Ankole. Tuliona karani anaandika lita kwenye daftari la chama, halafu anaandika tena kwenye kijitabu kidogo cha kila mfugaji. Tukasema, kazi mara mbili! Tukaondoa vijitabu, kila mfugaji akawa anapata ujumbe wa simu. Baada ya wiki tatu wafugaji wakaanza kudai vijitabu vyao, wengine kwa hasira. Tulidhani ni mazoea. Siku moja nikamfuata mzee mmoja kutoka kituo cha maziwa mpaka dukani. Alitoa kijitabu cha zamani kwenye mfuko wa koti, kimekunjwa, kona zimelainika kama kitambaa. Mwenye duka akakifungua, akapitisha kidole kwenye lita za wiki mbili zilizopita, akampimia sukari na sabuni, akaandika deni. Kijitabu kile kilikuwa dhamana yake. Sisi tuliona karatasi, kumbe tumeondoa mkopo wa sukari wa familia mia na zaidi. Tulirudisha vijitabu, na kilichofuata kilikuwa kizuri zaidi: tulianza kujiuliza mwenye duka anahitaji kuona nini. Jibu lile halikuwa ofisini kwetu. Lilikuwa kwenye koti la mzee.

Ndiyo maana nasema anza na haja. Steve Jobs aliulizwa swali gumu mbele ya watengenezaji wa programu mwaka 1997, aliporudi Apple, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni kwamba unapaswa kuanza na yale mteja atakayopitia kisha urudi nyuma mpaka kwenye teknolojia, na akakiri kwamba kosa la kinyume amelifanya mwenyewe mara nyingi. Wengi husikia hivyo wakadhani maana yake ni kumuuliza mteja anataka nini kisha umtengenezee alichotaja. Hapana. Mteja anajua kinachomuuma, hana wajibu wa kujua dawa. Pengine umesikia maneno yanayodaiwa kuwa ya Henry Ford, mtengenezaji wa magari, kwamba kama angewauliza watu wanataka nini, wangesema farasi wenye mbio zaidi. Hakuna ushahidi kwamba aliyasema, na hata kama mtu aliyasema, yana jibu zuri ndani yake: wanataka kufika haraka. Hiyo ndiyo haja. Farasi ni dawa tu waliyokuwa wakiijua.

Na usidhani kosa hili ni la vijana wenye mikopo ya SACCO. Mwaka 2006 huko Marekani ziliahidiwa dola milioni 16.4 kwa PlayPump, pampu ya maji iliyobuniwa Afrika Kusini. Ilikuwa bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Mpango ulikuwa pampu 4,000 ifikapo 2010. Picha zake zilikuwa za kupendeza na shida ya maji ilikuwa ya kweli. Lakini watoto huchoka, huenda shule, na hawachezi alfajiri mama anapotaka maji. Katika vijiji vya Msumbiji wanawake wazima walikutwa wakiinama kuizungusha bembea kwa mikono, kazi ngumu kuliko pampu ya kawaida waliyokuwa nayo. Mpango haukufika mwisho wake. Waliipenda bembea kwanza, kisha wakatafuta mahali pa kuipeleka.

Ili niwe mkweli: kuna teknolojia zilizoanza bila haja inayojulikana zikafanikiwa. Leza ilipotengenezwa mwaka 1960 watu waliiita suluhisho linalotafuta tatizo, na leo inapasua macho hospitalini na kusoma bei madukani. Lakini leza ilikuwa na maabara kubwa nyuma yake na miaka mingi ya kungoja. Wewe una rejesho la kila mwezi.

Akili bandia, basi. Ili kutabiri kuharibika kwa mahindi unahitaji kumbukumbu za magunia mengi, misimu kadhaa, kila moja ukijua liliishia vipi: liliharibika au la, lini, likiwa limehifadhiwa wapi. Una vifaa viwili sokoni. Hakuna cha kujifunzia. Na hata ungekuwa nacho, bado hatujampata anayetaka utabiri huo. Iache.

Kuhusu bei, shida ni kwamba humjui mshindani wako. Si kifaa kingine kutoka nje. Ni meno, na baada ya meno ni chupa ya chumvi. Labda unaijua: unachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, unatia mahindi kiasi cha robo, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa vizuri, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya takriban asilimia 15. Isipoganda, uko chini yake. Bei yake ni kama bure. Huwezi kushusha bei mpaka ushindane na hiyo, kwa hiyo kupunguza shilingi 180,000 hadi 120,000 hakutamleta yule mama wa magunia 20. Kutakula mtaji wako tu.

Lakini angalia kitu kimoja hapo, kwa sababu ndipo ninapoona tumaini lako. Chupa ya chumvi inaishia kwenye 15. Kiwango ni 13.5. Kati ya namba hizo mbili meno hayaoni na chumvi haioni. Mahindi ya asilimia 14.5 yanapita kwenye meno ya dalali, yanapita kwenye chupa, kisha yanakataliwa na mnunuzi mwenye kipimo, au yanapata joto ghalani baada ya wiki tano. Nani anajali tofauti ya 14.5 na 13.5? Ni wale wale wanaolala na gunia. Hapo tu, katika upana huo mwembamba, ndipo kifaa chako kina kazi ambayo hakuna anayeifanya kwa bure. Huo ni uwanja mdogo kuliko ule uliouota, lakini una watu wanaoumia.

Una njia nne, na sitakuficha ubaya wa yoyote. Unaweza kuendelea kuwauzia wakulima mmoja mmoja. Nimeshakueleza kwa nini nisingefanya hivyo, isipokuwa pale palipo na mnunuzi anayelipa zaidi kwa mahindi makavu na kikundi kinachouza pamoja. Hapo hesabu inageuka: kilo 5 zilizopotea zinarudishwa na bei, na kikundi kinaweza kununua kifaa kimoja kwa wanachama wote. Vikundi vya namna hiyo vipo, vitafute, ila ni vichache.

Unaweza kuwauzia wenye maghala na wasafirishaji. Hawa wana haja na wana pesa. Ubaya ni kwamba baadhi yao tayari wana vipimo vya kutoka nje, kwa hiyo watakuuliza chako kinazidi nini. Usijibu kwa grafu. Waulize cha kwao kiliharibika lini mara ya mwisho, na kilitengenezwa wapi. Nisingeshangaa ukikuta vipimo vitatu vimelala kwenye droo kwa sababu hakuna fundi wa kuvirekebisha karibu. Kama ndivyo, ujuzi wako wa umeme una soko hata kabla ya kifaa chako.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa hali yako: uza kipimo, usiuze kifaa. Kaa kwenye lango la maghala, pima gunia kwa ada ndogo, toa karatasi yenye namba na tarehe. Mnunuzi hamwamini muuzaji, muuzaji hamwamini mnunuzi, na wote wawili wanaishia kubishana juu ya punje iliyong'atwa. Mtu wa tatu asiye na mahindi wala mizani anaweza kuwa na thamani kwa pande zote. Ugumu wake ni kwamba uaminifu wako ndio bidhaa. Siku utakapochukua chochote cha pembeni ili ubadilishe namba, habari itafika kila ghala kabla ya jua kuzama.

Ya nne ni kuacha. Ni njia halali, na ukiifuata baada ya kujaribu vizuri hutakuwa umeshindwa.

Jinsi ya kujaribu, bila kutumia pesa nyingine. Chagua wiki mbili za mavuno, Julai au Agosti, au Desemba ukichelewa, mahindi yanapofurika. Siku tatu za kwanza usibebe kifaa kabisa. Nenda na daftari, ukae kwenye maghala manne matano tofauti, na usiulize swali lolote linaloanza na "ungependa". Uliza yaliyotokea. "Mzee, mara ya mwisho mzigo wako kurudishwa ilikuwaje?" "Uliupeleka wapi baada ya hapo?" "Ilikugharimu kiasi gani?" "Tangu siku ile umebadilisha nini?" Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mtu anayeumia kweli huwa ameshafanya kitu: amemwajiri kijana wa kugeuza magunia, amenunua turubai zaidi, amebadilisha dalali. Mtu anayekuambia unyevu ni tatizo kubwa sana lakini hajawahi kufanya lolote juu yake, msikilize kwa heshima, kisha usimhesabu.

Siku zinazobaki, pima kwa pesa. Shilingi 500 kwa gunia, au yoyote mtakayokubaliana, lakini si bure, hata kwa rafiki. Hata programu usiiwashe. Andika kwa mkono kwenye karatasi. Ukisikia mtu anauliza mwenyewe, "Je, hizi namba za wiki iliyopita unazo?", hapo ndipo kumbukumbu zako zitakuwa zimepata kazi, na utajua grafu inamfaa nani. Mtu akilipa mara ya kwanza anaweza kuwa anakusaidia. Akilipa wiki ya pili, anajisaidia.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, unahitaji kukaa na mtu. La kwanza ni usahihi wa kifaa. Vihisi vya bei nafuu hupotoshwa na joto, na mahindi yaliyotoka juani sasa hivi yanaweza kukupa namba tofauti na yaliyopoa usiku. Peleka sampuli kwenye maabara za taifa za utafiti wa kilimo Kawanda, uombe zipimwe kwa njia ya tanuri, yaani kukaushwa na kupimwa uzito uliopungua, kisha ulinganishe na namba zako. Fanya hivyo kabla ya kupokea shilingi ya mtu. La pili, kipimo kitakachotumika kuamua bei ni jambo la sheria, kwa hiyo nenda UNBS, shirika la viwango la Uganda, Bweyogerere ukaulize unachotakiwa kuwa nacho, ukiwa na kifaa mkononi. Na kama utahifadhi majina na namba za simu za wateja, ipo sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Uliza kujiandikisha mapema.

La tatu ni mkopo. Kama rejesho limeanza kukunyima usingizi, usingoje mpaka uchelewe. Nenda kwa meneja wa SACCO wiki hii, mweleze ulipo, uombe muda upangwe upya. Anayekuja kabla ya kushindwa husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Na usikope tena kwa ajili ya kifaa hiki mpaka daftari lako lijae.

Uliloliogopa bila kuliandika: hapana, miezi 14 haijapotea. Una mikono inayoweza kutengeneza kipimo, na unaishi mahali ambapo mahindi mengi ya nchi hupita yakielekea ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili zile zikiisha, niandikie tena. Usinitajie waliokisifu. Nitajie waliolipa wiki ya pili, magunia mangapi, na mahindi yao yalikuwa yanakwenda wapi.